Mtaa Nao Una Historia: Ngagara na Jirani Zake

Mnamo mwaka 1789 kilichapishwa huko Uingereza kitabu kilichoeleza habari za Selborne, kijiji kidogo cha jimbo la Hampshire. Mtungaji wake, Gilbert White, alikuwa kasisi aliyezaliwa na kufia kijijini humo. Selborne haikuwa na kasri la mfalme, wala haikupata sifa kwa vita vikubwa. White alieleza udongo na vijito vyake, miti na ndege wake, kanisa lake na mabaki yake ya kale. Na kitabu hicho, kilichotungwa kwa njia ya barua, kinasomwa hata leo na watu wengi ambao hawatafika Selborne maishani mwao. Huko Uingereza desturi ya namna hiyo imeenea mno, hata ni shida kupata kijiji kisicho na kijitabu cha habari zake.

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwasomesha wanafunzi habari za Kilwa, za Lamu na za Unguja. Ni haki kufanya hivyo, maana huko ndiko lugha yetu ilikokulia na kupata fasihi yake ya kale. Lakini mwanafunzi wa Bujumbura asomaye habari hizo bila nyingine huweza kudhani kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa mbali, na kwamba yeye amekikuta kitabuni tu. Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Makala haya basi yanakusudia kushika fimbo iliyo karibu. Tutaeleza habari za mtaa mmoja wa Bujumbura, nao ni Ngagara, tukitazama kwanza mahali ulipo, kisha jinsi ulivyojengwa, kisha mambo yaliyowapata wakazi wake na jirani zao. Tutajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili si mgeni aliyeletwa mtaani humo na mtaala wa shule. Kilikuwapo kando ya Mto Ntahangwa kabla tofali la kwanza la Ngagara halijawekwa.

Mahali Penyewe

Bujumbura umejengwa katika pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika uwanda wa chini uitwao Imbo. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Upande wa mashariki milima huinuka ghafula, na msafiri aendaye Bugarama kwa barabara kuu ya kwanza hupanda, katika muda usiofika saa mbili, kutoka joto la migomba na michikichi mpaka baridi na ukungu wa kileleni, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Ng'ambo ya magharibi huonekana milima ya Kongo, na chini yake mji wa Uvira. Kati ya pande hizo mbili Mto Rusizi huteremka kutoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika.

Kwa kuwa milima iko karibu na ziwa, mito inayopita mjini ni mifupi na yenye hasira. Wakati wa kiangazi mtu huweza kuivuka kwa kuruka mawe. Wakati wa masika hushuka na mawe, mchanga na magogo, ikazila kingo zake na nyumba zilizo juu ya kingo hizo. Mkubwa kati ya mito hiyo katika habari yetu ni Ntahangwa, utokao mashariki kwenda ziwani. Kusini ya mto huu iko mitaa ya Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi. Kaskazini yake ndiko kuliko Ngagara. Tena juu zaidi, kuelekea kaskazini, iko Kamenge, Cibitoke na Kinama. Mashariki Gihosha, na magharibi Buterere, kwenye ardhi iliyolala. Usiku wa Februari 9, 2014, mvua kubwa iliishukia mitaa hiyo ya kaskazini, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 60. Hivyo jiografia tunayoieleza haikomi kwenye ramani ya ukutani. Hubisha hodi mlangoni.

Kwa utawala, Ngagara ilikuwa tarafa kamili ya mji mpaka mwaka 2014, tarafa 13 za Bujumbura zilipounganishwa kuwa tatu, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa. Tangu hapo Ngagara imehesabiwa katika tarafa ya Ntahangwa. Kwa hiyo mto uliokuwa mpaka ndio uliolipa jina lake eneo zima, na jambo hilo dogo lastahili kukumbukwa katika yatakayofuata.

Ndani ya Ngagara mitaa midogo huitwa kwa nambari. Mkazi huulizwa akaako, naye hujibu kwamba yuko wa pili, wa tatu au wa tano, na asikiaye akaelewa pasipo kuongezewa neno. Mgeni huweza kuona kuwa huo ni ukavu wa majina. Lakini nambari hizo ni maandishi ya historia, kama tutakavyoona.

Lugha Kabla ya Nyumba

Katika karne ya 19 Ujiji, kwenye pwani ya mashariki ya ziwa hili, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Tabora. Wafanyabiashara, wapagazi na mabaharia wa mitumbwi walisema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Wamanyema na watu wengine wa bara waliojifunza lugha hiyo safarini. Mwaka 1858 Burton na Speke walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika pembe ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki humo. Jiwe la ukumbusho wa kupita kwao lipo Mugere, kusini ya Bujumbura. Wazungu hao wametajwa sana vitabuni, lakini waliowapigia makasia na kuwasemea kwa wenyeji walikuwa watu wa lugha ya Kiswahili.

Hata hivyo wafanyabiashara hao hawakupata kuitawala nchi ya Burundi. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya kutoka pwani ya ziwa katika miaka ya 1880, na askari wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Jambo hili lina maana kubwa katika historia ya lugha. Kule Manyema na Kongo ya mashariki Kiswahili kiliingia pamoja na nguvu za wafanyabiashara. Burundi kilibaki ufukweni, kwenye Rumonge, Nyanza-Lac na vituo vingine vya mitumbwi, huku milimani Kirundi kikiendelea kuwa lugha ya watu wote, wakubwa kwa wadogo. Ndiyo sababu hata leo mtu aendaye kutoka Bujumbura mpaka Gitega huhisi kwamba amevuka mpaka wa lugha, ingawa yu ndani ya nchi ileile.

Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, na mji ukaanza kukua kandokando ya boma. Askari, makarani, mafundi na wachuuzi waliokuja na boma hilo walitoka pande nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho serikali ya Wajerumani ilikitumia katika kazi zake. Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda mwezi wa Juni 1903. Mwaka 1912 makao ya mwakilishi wa serikali yalihamishiwa Gitega, milimani, lakini bandari, maduka na wakazi wa lugha ya Kiswahili walibaki Usumbura. Wabelgiji walipouteka mji huo mwezi wa Juni 1916 waliukuta tayari ukisema Kiswahili.

Mji Uliopangwa kwa Mstari

Baada ya vita vile, Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya Ubelgiji kwa amri ya Shirikisho la Mataifa, na sheria ya mwaka 1925 ikaiunganisha kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Usumbura ukawa makao makuu. Utawala mpya ulipenda kuwapanga watu kwa mafungu: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu mahali pao, na Waafrika mahali pao. Waafrika nao waligawanywa. Waswahili, wengi wao Waislamu, walitengewa Buyenzi, na mtaa huo ukajulikana kuwa kijiji cha Waswahili. Barabara zake zilichorwa sambamba na kupewa nambari. Jirani yake, Bwiza, ulikusanya wafanyakazi waliotoka mikoani na Kongo. Wakazi wa mitaa hii hawakuwa chini ya machifu wa jadi, na kwa sababu hiyo watu wa milimani waliwaona kuwa namna ya watu peke yao.

Kutoka hapo ndiko kulikozaliwa dhana ambayo bado inatusumbua sisi walimu. Katika Kirundi cha mazungumzo, jina la Mswahili limetumiwa mara nyingi kwa maana ya mjanja, mtu asiyeaminika, mtu asiye na kwao. Kanisa, lililoshika shule nyingi, lilipendelea Kirundi kwa mafundisho ya chini na Kifaransa kwa ya juu. Kiswahili kikahesabiwa kuwa lugha ya soko, ya askari na ya msikiti. Mtoto aliyekisema vizuri hakusifiwa kwa kujua lugha. Aliulizwa amejifunzia wapi tabia hizo.

Ngagara ulizaliwa katika hali hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji ilijaa watu, na mwaka 1951 Ubelgiji ilitangaza mpango wa maendeleo wa miaka kumi kwa Ruanda-Urundi. Mwaka uliofuata, 1952, liliundwa shirika la kujenga nyumba za Waafrika mijini, lililoitwa kwa Kifaransa Office des Cités Africaines. Shirika hili lilifanya kazi katika miji mikubwa ya Kongo, Usumbura nao ukiwamo katika orodha yake. Hapo ng'ambo ya Ntahangwa, kwenye ardhi wazi, zikainuka nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu, zenye vyumba vilivyopimwa na ua mdogo, mtaa baada ya mtaa, kila mmoja na nambari yake. Watu wakafupisha jina la shirika na kuuita mtaa wenyewe OCAF. Jina hilo halijafutika mpaka leo, ingawa shirika lilikwisha zamani pamoja na serikali iliyoliunda.

Nyumba hizo zilikusudiwa wenye mshahara: makarani, walimu, wauguzi, mafundi, madereva, watu walioweza kulipa kidogokidogo mwezi kwa mwezi. Hapakuwa na kigezo cha ukoo wala cha lugha. Mshahara ndio uliotazamwa. Kwa hiyo Ngagara ulikusanya Warundi wa mikoa yote, na pamoja nao watu kutoka Rwanda na Kongo. Walisema Kirundi nyumbani na Kifaransa ofisini. Lakini soko la karibu, fundi wa baiskeli, mshonaji na muuza ndagala walikuwa ng'ambo ya daraja, na ng'ambo ya daraja walisema Kiswahili. Mpangaji wa mji alichora mstari kwenye karatasi. Mama aliyekwenda na kikapu sokoni Ruvumera aliufuta kila asubuhi kwa nyayo zake.

Maneno Yaliyovuka Daraja

Ushahidi wa jambo hilo haukuandikwa katika majalada ya serikali peke yake. Umo katika vinywa vya watu. Tumwombe mwanafunzi wa Ngagara aingie katika nyumba yao na kutaja kwa Kirundi baadhi ya vitu avionavyo. Atafungua idirisha. Atanawa kwa isabuni. Atatia isukari katika chai. Atatazama isaha ukutani, atachukua igitabo, atapita katika ibarabara kwenda ishure. Kila moja la maneno hayo limetoka katika Kiswahili, likapewa vokali ya mwanzo kama Kirundi kitakavyo, na likakaa kama mwana wa nyumbani.

Neno ishure lafaa kutazamwa zaidi. Kiswahili kililipata neno shule kutoka Kijerumani, kikaliingiza katika matumizi yake, na Kirundi kikalipokea kutoka kwa Kiswahili, kikigeuza l kuwa r kwa mujibu wa matamshi yake. Katika neno moja fupi mwanafunzi ameona wakoloni wa kwanza, lugha ya boma lao, na kanuni ya sauti inayomfanya yeye mwenyewe aandike kurara mahali pa kulala. Mwalimu amfundishaye kosa hilo kwa kumpiga mstari mwekundu tu amempotezea somo zuri. Amwonyeshe kwamba ndilo badiliko lililolipa Kirundi neno lake la shule, na kosa lenyewe litarekebishika kwa urahisi zaidi.

Vivyo hivyo neno amahera, yaani fedha. Tangu mwaka 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika heller 100. Sarafu hizo ziliacha kutumika zamani sana, na mzee aliyezishika kwa mkono wake hayupo tena, lakini jina lake hutajwa kila siku, kila mtu anapodaiwa kodi ya nyumba Ngagara au nauli ya kwenda Kamenge. Nyumba huanguka na sarafu huyeyushwa. Neno hubaki likifanya kazi.

Uhuru na Majeraha

Katika miaka ile ile ya ujenzi wa OCAF, siasa za uhuru zilianza. Mwana wa Mwami, Louis Rwagasore, alianzisha mwaka 1957 ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na miongoni mwa waliomwunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi. Alikuwa pia na uhusiano na Julius Nyerere na chama cha TANU. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi. Uhuru ulipatikana Julai 1, 1962, na Usumbura ukaitwa Bujumbura. Inafaa wanafunzi wajue kwamba watu walioitwa wasio na kwao walikuwa katika safu ya mbele ya wale waliotaka nchi hii iwe huru.

Baada ya uhuru Ngagara uliendelea kupanuka. Mitaa mipya iliongezwa kando ya ile ya zamani, na upande wa viwanda ukajengwa kiwanda cha nguo cha COTEBU, kwa msaada wa Uchina. Soko lililo karibu na kiwanda hicho huitwa COTEBU na watu mpaka leo. Hapo tena tunaona tabia ya mtaa huu: shirika na kiwanda hupita, majina yao yakabaki kuwa majina ya mahali.

Lakini historia ya mtaa haiwezi kuandikwa kwa matofali na masoko tu. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza mwishoni mwa Aprili, mauaji makubwa yaliwapata Wahutu, hasa waliosoma, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais, na Oktoba 21 mwaka huohuo akauawa. Nchi ikatumbukia vitani. Watutsi wengi waliuawa mikoani, Wahutu wengi wakauawa na wanajeshi na makundi ya vijana. Mjini mitaa ikatengana. Katika miaka ya 1994 na 1995 Wahutu walifukuzwa Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga. Watutsi nao walifukuzwa Kamenge na Kinama. Watu waliokuwa wamekopeshana chumvi kwa miaka 30 wakawa hawawezi kupita katika barabara moja. Kati ya Ngagara na Kamenge hapana umbali ambao mtoto hawezi kuutembea, lakini katika miaka hiyo ulikuwa mrefu kuliko safari ya Ujiji.

Buyenzi haukuepuka msukosuko huo. Hata hivyo ulipata sifa ya kuwa mtaa ambamo Mhutu na Mtutsi waliendelea kukaa ua mmoja, na ambamo jirani alimficha jirani. Hatusemi kwamba lugha peke yake iliwaokoa watu. Dini moja, ndoa zilizochanganyika na desturi ya muda mrefu ya kuishi pamoja vilitenda kazi kubwa. Tunasema tu kwamba wale walioitwa wajanja na wasioaminika walikuwa, katika saa ya hatari, watu wa kukimbiliwa. Jambo hili lastahili nafasi katika kitabu chochote kitakachoandikwa juu ya mji huu.

Kaskazini ya mji nako kulikuwa na juhudi. Kituo cha vijana cha Kamenge kiliwakusanya vijana wa mitaa sita, yaani Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara, kwa michezo, masomo na kazi za mikono, bila kuwabagua kwa asili zao. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini Arusha, Agosti 28, 2000, baada ya upatanishi wa Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na kisha wa Nelson Mandela. Mitaa ilianza kufunguka tena. Mwaka 2015 Ngagara ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyotikiswa na maandamano na umwagaji damu kuhusu muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Kwa hiyo yule anayeandika historia hii haandiki mambo ya kale yaliyopoa. Anaandika mbele ya watu wenye kovu.

Kiswahili Kinaporudi Shuleni

Warundi waliokimbilia Tanzania walianza kurudi kwa wingi baada ya mwaka 2002. Wengi walikuwa wamezaliwa kambini au katika makazi ya wakimbizi, na watoto wao walifika wakisema Kiswahili kuliko Kifaransa. Mwaka 2007 Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika kipindi hichohicho Kiswahili kikaanza kufundishwa katika shule za msingi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Jumuiya nayo imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Lugha iliyoambiwa ikae ng'ambo ya mto sasa ina kitabu, saa yake katika ratiba, na mtihani.

Tunafurahi kwa hayo, lakini furaha yetu ina wasiwasi ndani yake. Lugha ikiingia darasani kwa mlango wa Jumuiya peke yake, mwanafunzi ataihesabu kuwa mali ya mipaka na forodha, kitu cha kujifunza ili apate kazi Dar es Salaam au Nairobi. Atafundishwa kwamba ni lugha ya kigeni, huku bibi yake akinunua samaki kwa lugha hiyo mwendo mfupi kutoka darasani. Na mwenzake wa Buyenzi, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, atafundishwa na kitabu hichohicho kwamba lugha ya mama yake imetoka nje. Huyo wa kwanza ananyimwa historia ya mtaa wake. Huyo wa pili ananyimwa kwao.

Dawa yake si ngumu, na walimu hatuhitaji kungoja mtaala mpya. Tunapendekeza kazi tatu. Ya kwanza, wanafunzi wachore ramani ya mtaa wao kutoka mto hadi mto, waandike majina yote yanayotumiwa na watu, ya serikali na ya mdomoni, kisha waulize kila jina limetoka wapi. Ya pili, wakusanye maneno ya Kirundi yaliyotoka katika Kiswahili, na ya Kiswahili cha Bujumbura yaliyotoka katika Kirundi na Kifaransa, wayapange kwa mada: nyumba, soko, shule, chombo cha safari. Ya tatu, wawaendee wazee, wawaulize walihamia lini, nyumba ilikuwaje, walinunua wapi, walisema lugha gani na nani.

Kazi hii ya tatu inataka adabu na uangalifu. Mwanafunzi asimwulize mzee kabila lake, wala nani alimtenda nini. Aulize juu ya kazi, chakula, michezo na majirani, na mzee akinyamaza, kalamu nayo inyamaze. Tumeona kwamba mtu akiulizwa majirani zake walikuwa nani, hutaja wenyewe waliokuwapo na wasiokuwapo tena. Asiyetaka kwenda mbele zaidi asisukumwe. White wa Selborne aliandika habari za kijiji chake kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na la kuogopa. Sisi tunaandika katika hali nyingine, na uangalifu wetu lazima uwe mkubwa kuliko wake.

Tukifanya hivyo kwa miaka michache, kila shule itakuwa na daftari la mtaa wake. Daftari la Ngagara likiwekwa kando ya la Buyenzi na la Kamenge, wanafunzi wataona kwamba kurasa zake zinajibizana: aliyejenga nyumba hapa alitoka pale, aliyehama pale alipokelewa kule, na neno lililotoka sokoni lilikaa jikoni mwa wote. Hapo watakuwa wamejifunza Kiswahili na historia kwa wakati mmoja, nao watajua kuwa daraja la Ntahangwa, walivukalo kila siku bila kulitazama, lina habari yake ya kusimulia.